Wapandaji

Karani wa mahakama aliuliza: nani anamshitaki nani?
Tukajibu pande zote mbili, kwa sauti moja:
Wapandaji wanawashitaki Wapandaji.
Akaweka kalamu chini.
Akatoka kwenda kununua karanga.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika.
Miaka kumi na tisa, kila Jumatano jioni, Kadutu,
katika nyumba ya mbao juu ya ngazi za udongo,
Mama Nsimire akisema huku akichambua sambaza,
chumvi kiganjani, macho kwenye sinia,
nami na daftari lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Hakujua kusoma.
"Nisomee nilichosema," aliniambia,
nami nilipomsomea alicheka
kama anayesikia uzushi wa jirani.

Sentensi ya mwisho haikuwa ndefu:
*Nikiondoka, pandeni kilimani.*

Arobaini haijatimia,
Cirhuza, katekista wa zamani, akawatoa watu vitandani saa tisa ya usiku.
Wakakwea kwa magoti hadi kwenye mawe ya juu,
wakateremka na magoti kama nyanya zilizobingirika ngazini.
Kupanda ni kupanda, alisema.

Murhula, mtoto wa dada ya marehemu, alingoja kupambazuke.
Akagawa maharagi na miche ya parachichi,
maana kilima kilikuwa uchi, na chini yake wanakaa watu.
Kupanda ni kupanda, alisema.

Waliokwea wakakanyaga maharagi.
Waliopanda wakatega miiba.

Kisha Murhula akabeba madaftari kwa mthibitishaji,
akayarudisha yamegongwa muhuri wa zambarau: MALI YA FAMILIA.
Cirhuza akasema neno halirithiwi kama mbuzi.
Murhula akamjibu: na wewe uliyelipangisha kwa sadaka?
Cirhuza alikuwa na kiti chake. Alikuwa na sinia lake.
Sinia lenyewe linanuka samaki hadi leo;
wagonjwa wanapelekwa kulinusa.

Walinijia usiku, kila mmoja kwa zamu yake.
"Wewe ulikuwepo. Alimaanisha kupanda kupi?"
Mmoja alileta sukari, mwingine kitenge.
Sukari nimeinywa.
Kitenge ndicho nilichovaa leo.

Mwezi wa kumi na moja mvua haikuuliza tafsiri.
Kilima kilishuka chote kwa pamoja,
mawe ya sala na maharagi ndani ya tope moja,
kikasimama juu ya nyumba ya Balagizi fundi cherehani.
Tulichimba hadi mchana, kwa majembe, kwa masufuria,
Cirhuza akivuta mguu wa meza upande mmoja,
Murhula akiusukuma kutoka upande wa pili.
Mtoto alitoka hai. Balagizi hakutoka.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo tulipatana.
Jumatatu iliyofuata walikuwa hapa, kwenye benchi hili,
wakigombea ule udongo:
umeangukia kiwanja cha marehemu, lakini ni wa kilima,
na kilima, je, ni cha neno au cha familia?

Hakuna aliyeniuliza swali ninaloliogopa.

Jioni ile, baada ya *kilimani*, umeme ulikatika,
kama unavyokatika Bukavu nzima.
Nikafunga daftari. Nilikuwa nimechoka, vidole vimenikufa.
Naye aliendelea kusema gizani.
Alikohoa, akatafuta mkono wangu, akaubana
kwa vidole vyenye magamba ya samaki.
Alisema:
*Funika hizo sambaza, paka yupo mlangoni.*
Hayo ndiyo ya mwisho. Asubuhi hakuamka.

Nikiyatoa haya, kabla ya Ijumaa
kutakuwa na Wafunikaji na kutakuwa na watu wa paka,
na mmoja wao atakwenda kutafuta muhuri.

Karani amerudi. Ana maganda ya karanga kwenye tai.
Haya, shahidi, anasema, simama.
Nasimama.
Kitenge cha Cirhuza kimenibana kiunoni.
Mdomoni bado nina utamu wa chai ya Murhula.