Mwaga Nje

Alfajiri Nkwabi alinipigia kutoka Mwaloni:
"Minza, daftari lako jeupe."
Jeupe vipi? Nimelala programu ikiandika.
"Jeupe. Sahani iliyorambwa."

Usiku kucha mizani ilipima dagaa,
gunia baada ya gunia, kila uzito ukatamkwa,
na kila tamko likaenda kwenye skrini
mbele ya kiti kisicho na mtu.
Skrini ikajaa, ikajisogeza, ikasahau.
Yamebaki magunia ishirini ya mwisho.
Mia tatu na ushei hayana shahidi.

Kwangu Nyakato ilifanya kazi, naapa.
Mstari uleule, mabano yaleyale,
saba yakifungana mwishoni kama vifungo vya kanzu:
kila neno litakalotoka, kuanzia hapa hadi bano la mwisho,
lisiende kwenye kioo, liende kwenye faili.
Lispi ya kwangu, nyuzi zilizozaliwa humo
zilirithi agizo kama jina la ukoo.
Lispi ya Mwaloni, uzi ukizaliwa
haumtazami mama. Unakwenda moja kwa moja ofisini
kuuliza: matokeo hupita wapi hapa?
Na ofisi hujibu: skrini, kama siku zote.

Nikafungua kitabu cha kanuni.
Kurasa elfu na zaidi, na juu ya nyuzi, kimya.
Walioandika hawakukosea. Walinyamaza tu,
na kila fundi akaujaza ukimya kwa namna yake.

Utotoni Mabatini, mama akisema "mwaga nje"
alikusudia uani, kwenye migomba.
Shangazi, nyumba ya juu, mawe mawili kutoka kwetu,
akisema "mwaga nje" alikusudia mtaroni.
Beseni moja, maji yaleyale ya dagaa,
nikachapwa nyumba zote mbili.

Nimerekebisha. Siku hizi sitegemei urithi:
kila uzi naukabidhi mkondo wake mkononi, kwa jina,
na baada ya kila gunia naamuru: sukuma,
maana kuna Lispi nyingine huyashika maneno mlangoni
hadi yajae, ndipo iyaachie.
Nkwabi alipolisoma neno hilo alicheka hadi akakaa:
"Kumbe nayo ni ya kwetu!"

Lakini yale mia tatu.
Mama Holo alikuja na kigoda chake, akaketi, akafumba macho,
akaanza: arobaini na mbili. Arobaini na moja na nusu.
Thelathini na tisa, lile lenye kiraka.
Nikaandika. Hakuuliza yanakwenda wapi.

Malalamiko nayo? Mkondo wa makosa sijaugusa.
Kuna usiku nausikia ukitiririka,
sijui uani, sijui mtaroni.