Koti Moja

Wamenipa ndoo mbili za rangi ya kijivu,
brashi mpya ambayo bei bado inaning'inia shingoni,
na karani wa kaunti wa kunisimamia,
kijana wa viatu vinavyoogopa matope.
"Mzee Ligare, kabla ya saa sita.
Ukuta uwe ukuta."

Ni ukuta wa ukumbi wa Kaloleni, upande wa barabara,
ambapo Kasyoka alichora foleni:
mama na mtungi, mtoto na mtungi,
bawabu wa usiku na mtungi wake wa manjano,
hata padri, na kibuyu kidogo cha aibu,
wote wakielekea kwenye bomba moja
lililofungwa tai nyekundu shingoni,
likakabwa,
lisitoe tone.
Hakuandika jina la mtu. Hakuandika neno.
Lakini mwenye tai alijijua.

Walimchukua Jumanne, vidole bado vina rangi.
Mahakamani Makadara nilikaa benchi la nyuma
nikasikia uchochezi ukisomwa
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu.
Kisha wakainua mfuko wa nailoni:
kielelezo cha kwanza, brashi, inchi mbili,
mpini una alama ya kuungua.

Alama ile naijua.
Niliichoma mwenyewe kwa msumari wa moto
mwaka nilipochora mabango ya vinyozi Burma nzima
na kila mtu aliniibia vifaa.
Nilimpa Kasyoka brashi hiyo siku alipoweza kuvuta mstari
bila kuzuia pumzi.
Hakimu hakuuliza ilitoka wapi.
Nami sikusimama.

Miezi kumi na minane.

Msiniulize kwa nini nilikubali kazi hii.
Mjukuu karudishwa nyumbani kwa karo,
na mwenye nyumba hali mashairi.
Elfu tatu na mia tano, nusu mkononi.
Nilianza na padri. Bawabu akafuata.
Yule mtoto nilimzunguka mara mbili
kabla sijathubutu kugusa macho.
Muuza mayai mmoja alisimama, akaweka beseni chini,
akaniita jina ambalo sitaliandika hapa.
Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Nilipofika kwenye tai, karani alitazama saa.
"Kuna kitu kimepungua?"

Sasa, fundi yeyote wa mabango anajua,
hata mwanagenzi wa wiki moja:
nyekundu ni deni.
Haifunikwi kwa koti moja.
Yataka praima kwanza, yataka ikauke,
yataka koti la pili, pengine la tatu,
la sivyo hupanda juu polepole
kama mafuta ya mandazi kwenye gazeti.

"Hakuna," nikasema.
Akatia sahihi.

Lang'ata, Jumamosi. Sabuni niliyoleta
imekatwa vipande vinne kutafutwa sijui nini.
Dakika kumi, na waya katikati yetu.
Sare imemzidi mabega. Vidole vimetakata
hadi nikadhani ni vya mtu mwingine.
Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinitoroka,
likabaki moja:
"Ni mimi niliyeufuta."

Alinyamaza. Nje, mtu aliita namba, mtu akaitika.

"Uliweka praima?"

"Sikuweka."

"Koti ngapi?"

"Moja."

Aliinamisha kichwa, nikaona anahesabu
kwa vidole vile vitupu, gumba kwa gumba,
jua la Februari, mvua za Machi,
ukuta ule unavyolowa upande wa barabara.

"Mei," akasema. "Ikichelewa sana, Juni."

Askari jela akatikisa funguo.
Alidhani tunazungumzia rufaa.