Usikanyage

Sista Ita aliniletea pancha siku ya Jumanne,
gurudumu la nyuma, mwiba wa mkonge,
na wakati natafuta tundu kwenye beseni la maji
akanisimulia hadithi ya kwao, Ayalandi:
kijana, mwanamke wa nchi isiyozeeka,
farasi mweupe apitaye juu ya mawimbi.

Nikamwambia, Sista, farasi hapa Ngamiani atakula nini?
Acha niisimulie mimi, kwa vyombo vya hapa.

Basi. Alikuwepo Kibwana, mpiga nyundo wa reli,
enzi za Mjerumani. Wewe umesema miaka mia tatu;
mimi nakupunguzia, mia na ushee,
ili tuipate reli.
Jioni moja, Kiomoni, kwenye mdomo wa mapango,
akamwona mwanamke amesimama nusu nje nusu gizani,
nywele zake rangi ya singa za mkonge zilizoanikwa.
"Kibwana," akaitwa, kwa jina, bila kuulizwa.
Ukiitwa hivyo unafanyaje? Alitua nyundo, akaingia.

Huko ndani hakuna Jumanne.
Machungwa ya Muheza hayana msimu,
meno hayang'oki, hakuna anayedaiwa.
Alikaa, kwa hesabu yake, miaka mitatu,
mpaka siku ilipomjia harufu ya mihogo ya kuchoma
ya mama yake, na raha yote ikapoa kama uji.

Mwanamke hakulia. Akamtolea baiskeli nyeupe
(usiniulize ilitoka wapi)
akasema: "Nenda, zunguka, tazama, rudi.
Ila usikanyage. Ardhi ya kwenu ina daftari,
na jina lako limo."

Akatoka. Kiomoni, Chumbageni, akaingia Barabara ya Kumi na Mbili.
Na taabu ya kutokukanyaga, Sista, ni hii:
huwezi kusimama ukauliza.
Aliuliza vipande vipande,
"Mnamjua Binti Shekue..." akapita,
akazunguka, "...muuza mihogo..." akapita,
watoto nyuma yake wanacheka,
na watu wa kijiweni wanaujibu mgongo wake:
Hatumjui. Huyo ni wa mtaa gani?
Reli aliiona, imeota majani.
Makaburi ya wenzake yamejengewa maduka.

Pale mbele ya kibanda changu
mkokoteni wa simenti ulikuwa umeulalia mguu wa kijana,
Mhina, mifuko kumi na minane.
Tunavuta, hautoki.
Kibwana akainama bila kushuka,
mkono mmoja kwenye usukani,
akaunyanyua kama sinia.
Mnyororo ukakatika.
Mimi fundi, sauti hiyo naijua hata usingizini.
Mguu wa kushoto ukagusa chini.

Sitakueleza yote. Mgongo ulijikunja kama mwavuli,
nywele, meno,
miaka mia ilipita kwenye uso mmoja
na chai yangu bado ina moshi.
Kwenu, umesema, anakuja mtakatifu kumhubiria.
Huku walikuja wanawake wa foleni ya maji.
Wakauosha mguu ule. Mmoja akavua kanga ya juu, akamfunika.
Aliuliza jambo moja tu: "Mtoto kapona?"
Kapona. Anachechemea kidogo.

Wanasema Tanga, waja leo, waondoka leo.
Wengine huchelewa.

Nikakaza nati, nikazungusha gurudumu, likaenda sawa.
Ndipo nikaikumbuka tiketi yake:
miaka arobaini na mmoja yuko hapa,
mwezi ujao anakwenda kwao kumwona dada.
"Na wewe, Sista, ukifika?"

Hakujibu. Alinilipa kwa sarafu, akazihesabu mara mbili.
Akapanda. Mguu mmoja kwenye pedeli,
mwingine ukabaki hewani,
juu kidogo ya mchanga wa Ngamiani,
muda mrefu kuliko baiskeli inavyohitaji.