Ndama Aitwaye Dili

Mwaka ule mche wa kahawa haukununua mche wa sabuni.
Baba, Elasto Haonga wa Isansa, Mbozi,
alianika betri za redio kila asubuhi
juu ya turubai moja na kahawa,
akizigeuza kama kahawa,
ili jioni zitoe sauti, japo ya mtu mwenye mafua.

Habari zetu alizijua: bei imeshuka,
chama cha msingi hakijalipa, kutu imeingia Halungu.
Alitaka za wengine.
Akachagua nchi moja ya mbali, ndogo, nusu kisiwa,
kama mtu anavyochagua timu ambayo hajawahi kuiona uwanjani,
na kwa mkaa akaanza kuandika kwenye ukuta wa stoo:

*Aprili. Timor Mashariki wamepiga kura. Foleni ndefu.
Nao wanalima kahawa.*

Hilo la mwisho alilipigia mstari mara mbili.

Mei, Jumapili ya tarehe kumi na tisa,
saa kumi na mbili jioni, ukungu ukishuka
na ng'ombe wa jirani wakirudi kwa foleni yao,
redio ikasema kwao huko ni usiku wa manane,
bendera inapanda.
Baba akavua kofia. Akasimama wima katikati ya samadi.
Nyuma yake Sikudhani, mtamba wetu, aliyelala chini tangu adhuhuri,
akasukuma mara ya mwisho,
na ndama akaanguka duniani
na miguu minne ambayo ilikuwa bado haijaafikiana.

"Dili," baba akasema. "Ndio mji wao mkuu."

Kijiji kikacheka wiki nzima: Haonga kapata dili!
Mama hakucheka. Alikuwa anahesabu maziwa.

*Septemba. Wamepokelewa Umoja wa Mataifa.
Wa mia moja tisini na moja.*

Usiku huo, ugali ukiwa bado unafuka, alituuliza:
anayefika wa mwisho akakuta viti vimejaa,
anakaa wapi?
"Anapakatwa," akasema dada yangu Sekela.
Mimi nilikuwa darasa la tano.
Nilikwenda kuitafuta kwenye ramani ya mwalimu Simkoko,
ambayo panya walikuwa wameitafuna pembeni, chini ya Asia.
Nchi ya baba ilikuwa tundu.
Nilichungulia, nikaona ukuta wa darasa.

Desemba mvua na habari mbaya vilikuja siku moja.
Dili inaungua, redio ikasema. Maduka.
Vijana wamepigwa risasi, wanafunzi.
Baba akachukua kurunzi, akaenda zizini bila koti,
akamkuta Dili anacheua,
akamgusa masikio, la kulia, kisha la kushoto.
Ukutani hakuandika neno. Alivuta mstari tu,
na mkaa ukakatikia njiani.

Januari, ada. Sekela alikuwa amechaguliwa sekondari.
Dili alikwenda mnadani Mlowo,
akanunuliwa na mtu wa Tunduma mwenye viatu vyeupe.
Baba alirudi na kamba, akaitundika msumarini, ikateleza, akaitundika tena.
"Basi dili limelipa," mama akasema,
na hata yeye hakujua kama ni utani.

Stoo ilipigwa chokaa baadaye, mara mbili.
Mkaa bado unajitokeza msimu wa mvua.

Mwaka juzi bwana shamba, kijana wa pikipiki,
alituletea miche isiyoshikwa na kutu.
Akaeleza nasaba yake kama anayesoma hati ya mirathi:
huyu kamzaa yule, yule kachanganywa na huyu,
na bibi yao mmoja aliokotwa kisiwa cha Timor.

Baba, sikio moja limeshafunga, akamwomba arudie.
"Timor, mzee."
Akashika jani, akaligeuza,
akapitisha kidole mgongoni mwake akitafuta vumbi la kutu.
Kidole kikatoka safi.
Kisha akamuuliza kijana jambo ambalo
halikuwemo kwenye makaratasi yake:

"Wanaendeleaje huko?"