Bega la Kushoto

Waliziweka juu ya meza ya karani,
pale tunapoandikia uzito wa marobota,
na vumbi la tumbaku la msimu uliopita
likazipokea zote mbili bila kuuliza bei.

"Chagua mwenyewe, Misigalo," akasema mwenyekiti.
"Wewe ndiye utakayelala nayo."
Mhasibu akacheka. Mimi sikucheka.
Silali. Ndiyo kazi yangu.

Ya kwanza shotigani, ndefu kama mwiko wa harusi,
inajipakia yenyewe, risasi tano tumboni,
na ndani ya kila moja marisau yamejazana kama mtama.
Ya pili karabini, fupi, nyeusi, haina maneno mengi,
inakula risasi za bastola,
nyepesi hata Kalunde wangu angeibeba
pamoja na ndoo.

Kijana wa duka la silaha, aliyefika Urambo
kutoka Tabora mjini na barua tatu zenye mihuri,
alizieleza kama mshenga:
hii haina teke, hii inalenga mbali,
ile nyingine hata mkono ukitetemeka inasamehe.
Kisha akaninong'oneza, "Na kwa bega lako hilo..."

Hata yeye wameshamwambia.
Misimu kumi na tisa ya kupakia malori,
mpaka siku moja kitu kikakatika ndani
kwa sauti ya ukuni mbichi.
Nami ni mashoto. Bega lililovunjika
ndilo bega la bunduki.
Wakaniangalia wote kama jibu limeshapatikana.

Nikaomba tutoke nje.
Nikawaonyesha ukuta wa Ndekeja, tofali za udongo,
hatua arobaini kutoka mlango wa ghala.
Nikauliza: risasi ya hii fupi, ikimkosa mwizi,
inapiga hodi pale?

Kijana akakuna shingo.
"Inaingia tu," akasema.
Nyuma ya ukuta ule wanalala watoto wanne
na bibi mmoja asiyesikia.
"Na ile?"
"Ukiweka marisau madogo, yanachoka njiani."

Kuchoka njiani. Nilipenda neno hilo.

Mwaka jana walipovunja kufuli
wa mwisho kukimbia nilimjua kwa mwendo,
mguu mmoja ukiburuta.
Mguu ule niliufunga kwa shati langu
siku nyoka alipomuuma, yuko darasa la tatu,
nikamkimbiza zahanati kwa baiskeli isiyo na breki.
Polisi sikuwapa jina lake. Hapa pia silitoi.

Nikaichukua ile ndefu, nikaiegemeza palepale panapouma.
Uzito ukateremka mpaka kiunoni.
"Itakuumiza," akasema mwenyekiti.
Nikamwambia, najua.
Ile isiyomuuma anayeifyatua
nitaizoea mapema mno.

Mhasibu akaandika bei, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Sasa ni saa nane usiku.
Treni ya Kigoma haijapita, imechelewa tena.
Risasi tano nimezipanga juu ya mizani
nione zina uzito gani:
mshale umesogea kidogo, robo kilo haujafika.
Panya wanakwaruza kwenye marobota.
Kwa Ndekeja mtoto mmoja anakohoa, ananyamaza,
anakohoa tena.
Bega linauma tangu jioni
na sijafyatua kitu.