Pia

Watoto wa mtaani kwetu Langoni
huizungushia pia uzi ili iruke.
Yangu ilifungwa uzi ili itulie.
Ndilo nililotaka kusema. Mengine ni maelezo.

Nilizaliwa na vidole gumba visivyo na kucha.
Usiku wa hina ya dada, mpakaji
alikifikia kidole changu, akasita,
kisha akachora duara juu ya nyama tupu:
"Hii nayo kucha. Nani atapinga?"
Baba vivyo hivyo. Bibi Mwanashee vivyo hivyo,
mkono wake wa kuume uliishi ndani ya buibui
hata siku ya kupokea posa.
"Alama ya ukoo," akisema.
"Wenzetu wana mashamba."

Hatukujua kwamba alama hiyo ina miguu,
kwamba hushuka mpaka gotini.

"Simile! Simile!"
Punda wa saruji, kichochoro cha mikono miwili,
nami najibana ukutani:
mwili ukageuka ndani, pia ikatoka nje.
Mara ya kwanza nilikuwa darasa la tatu.
Mara ya saba niliacha kuhesabu.
Goti likifungwa kitambaa na mafuta ya nyonyo,
majirani wakitaja kijicho,
na nikiwa na miaka kumi na tisa
nikaswali kitini, safu moja na vikongwe,
nikilitazama zulia kama mtu anayetazama nyumba
aliyohamishwa.

Malindi, Daktari Kadzo hakuanza na goti.
"Nionyeshe mikono."
Akavitazama vidole gumba
kama anayeutambua mwandiko wa rafiki wa zamani.
Akapapasa viwiko, akapapasa nyonga,
kwenye picha akanionyesha vipembe viwili vya mfupa
ambavyo nimevikalia maisha yangu yote,
na pia yenyewe: ndogo, mfano wa kungumanga,
imeegemea ukingoni.
Akaomba mkojo.
Kisha akamwita Baba kutoka kwenye benchi:
"Na wewe pia."
Nilicheka peke yangu.

Kichupa cha Baba kilikuwa na povu.
Bibi alikufa miguu imevimba. Tulisema ni chumvi.

Waliniua ganzi kuanzia kiunoni.
Kichwa kilibaki macho, kikasikia keekee,
sauti ile ile ya karakana za milango,
ila mbao ilikuwa mimi.
Alitwaa kano moja nyuma ya paja
("paja litalisahau," alisema),
akatoboa mfupa matundu mawili;
la tatu lingeupasua.
Akapitisha, akavuta, akalikunja goti, akalikunjua,
akavuta tena kidogo.
Si sana. Pia ikikazwa mno
hugeuka msumari.

Baba hushona kofia za viua.
Kwa kuwa hana kucha ya kubania uzi, huubana kwa meno,
na miaka arubaini haijapata kumrudia kofia hata moja.
Wodini aliinama juu ya kidonda changu,
miwani puani, akakikagua kimya kimya:
"Mshono safi.
Ila fundo la mwisho ningelificha."

Nyuzi thelathini. Sitini. Bwana Tsuma wa mazoezi
akinipimia kwa kipande chake cha plastiki,
nami namtukania moyoni ukoo wake, kisha wangu.
Kwenye tisini nililia, si kwa maumivu tu.

Sasa Baba ana vidonge vya figo
kando ya kikombe cha kahawa.
Anavilalamikia, anavimeza.
Tulikwenda kwa ajili ya goti langu,
tukarudi na figo zake mkononi, zingali zinafanya kazi.
Sijui nimshukuru nani. Nalishukuru goti bovu.

Juzi, kichochoro kile kile,
"Simile!"
Nikajibana, nikageuka.
Punda akapita na mzigo wake.
Pia ikabaki.

Goti la kulia linangoja zamu.
Nalo pia.