Ukurasa wa Arobaini na Tatu

Saa tano kamili tulifungua sanduku la zabuni:
kufuli mbili, funguo mbili,
watu wawili wasioaminiana kwa mujibu wa kanuni.
Bahasha tano. Nikasoma bei kwa sauti
mbele ya wajumbe wa kampuni, wamekaa wima
kama wazazi walioitwa na mwalimu mkuu.

Vifuniko vya mifereji, mia sita na arobaini,
chuma cha kusubu, vya Mukuru na Kayole.
Si barabara, si hospitali.
Hakuna mheshimiwa atakayekata utepe juu ya kifuniko.

Bei ya chini: Mwololo na Wanawe,
wafua vyuma wa Kariobangi.
Karatasi zao zina alama za vidole, masizi.
Bei ya pili: kampuni ya Bwana Chesoli,
jalada gumu, kurasa zinateleza,
juu kwa milioni nne na laki mbili.

Na ukurasa wa arobaini na tatu wa Mwololo
hauna sahihi.
Themanini na tisa zimetiwa, huu umerukwa.
Labda kurasa ziligandana. Labda umeme ulipotea.
Labda mtoto aliita, "Baba."
Kanuni inasema: kila ukurasa.
Haisemi: isipokuwa.

Wenzangu wameshuka kula chapati kwa ndengu.
Mimi katibu nimebaki na mafaili
na kalamu ya buluu, buluu ileile.
Sahihi yenyewe nyepesi: M pana, mkia wa mjusi.
Nimeitazama mara themanini na tisa,
mkono umeshaijua.

Nisikufiche.
Huu mwaka wa tatu tangu bili ya hospitali
ilipouzuia mwili wa mama mochari, siku kumi na moja.
Chesoli alikuja kwenye mchango,
akatoa laki moja na nusu, akanywa chai
ya rangi, akaenda.
Sikuwa kwenye kamati yoyote siku hizo.
Hajanipigia simu tangu hapo.
Leo asubuhi hakunitazama hata mara moja,
na hilo ndilo linalonitisha:
mdai anayenyamaza, riba yake hupanda usiku.

Basi nikifuata sheria, nimelipa deni.
Nikiivunja, nimeokoa milioni nne za watu.
Mkono mtupu haulambwi, tuliambiwa tukiwa wadogo.
Hatukuambiwa mkono uliokwisha kulambwa
unaoshwa kwa nini.

Nikaifunika kalamu.
Nikavuta fomu ya kutangaza maslahi.
*Eleza uhusiano wako na mzabuni.*
Mistari mitatu ya nukta.
Nikaandika: Alimtoa mama yangu mochari.
Mstari mmoja ukatosha.
Ile miwili ikabaki inanitazama.

Mwenyekiti Lesiyampe aliisoma, akavua miwani.
"Dada, hili nani angelijua?"
"Wewe sasa."
Akakaa kimya, akigusa pembe ya karatasi.
"Unajua ukitoka, huu ukurasa hauna wakili humu ndani.
Ungeweza kusema ni kasoro ndogo.
Wewe wangekusikiliza."
Nilijua. Nilijua tangu mstari wa kwanza.
Nikachukua mkoba na mwavuli.
Nyuma yangu mlango ukajifunga wenyewe, polepole,
ile milango ya serikali yenye mkono wa chuma.

Nikateremka Upper Hill kwa miguu.
Sijui walichoamua; matokeo ni baada ya siku saba,
na nimejikataza kuuliza.
Sijui kama nimetenda haki
au nimetafuta tu mahali pasafi pa kusimama.

Karibu na Community, kwenye ukingo wa barabara,
shimo, kifuniko kimeibwa kiuzwe kwa kilo.
Ndani yake mtu amechomeka tawi la mti
ili wapita njia waone.
Mtu asiye na mkataba, asiye na muhuri,
aliliona shimo, akavunja tawi.
Majani yalikuwa bado mabichi.
Watu wakilizunguka bila kupunguza mwendo.

Lilikuwa limeanza kuinama.
Nikaliinua, nikalikaza kwa jiwe.